Sura ya Sita: Mbona Kwangu Inafanya Kazi?

"Kwenye kompyuta yangu inafanya kazi vizuri. Nimeipandisha hewani, imekataa. Tatizo nini?"

Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko jingine lolote na watu wanaojifunza kutengeneza programu za mtandaoni, yaani programu zinazofunguliwa kwa anwani ya intaneti bila kusakinishwa kwenye simu. Anayeuliza mara nyingi amekesha. Nyumbani amejaribu kila kitufe, kila kitufe kimeitika, amewaonyesha nduguze wamefurahi. Kisha ameihamishia kwenye seva, yaani kompyuta inayokaa imewashwa saa zote ili ijibu maombi ya watu kupitia mtandao. Huko imegoma.

Jibu langu huwa ni lile lile. Kwako haikuwa inafanya kazi peke yake. Ilikuwa inaegemea vitu ulivyoviweka wewe mwenyewe, ukavizoea, ukaacha kuviona.

Fikiria jiko la nyumbani kwenu. Chumvi imo kwenye kopo la maziwa ya unga. Hamira imo kwenye kopo la kahawa. Jiko la upande wa kulia ukilizungusha kidogo tu linawaka sana, kwa hiyo hutumika la kushoto. Hakuna aliyeandika hayo popote, na hakuna aliyewahi kukosea, kwa sababu wote mnajua. Siku akija shangazi kutoka mkoani apike, ndipo chai inapotiwa chumvi. Shangazi anajua kupika. Ni makopo ambayo hayakuandikwa.

Seva ni shangazi huyo. Kuandaa mradi na kuupandisha hewani ni kazi ya kubandika karatasi kwenye kila kopo kabla hajafika.

Daftari la mikate

Nitatumia mfano mmoja sura nzima, kazi niliyoifanya mwenyewe. Kuna mama ana bekari ndogo. Tanuri huwashwa baada ya sala ya isha, mikate ya kwanza hutoka kama saa nne usiku. Wachuuzi wa mbali huja na baiskeli saa tano, wengine saa nane, wa jirani huchukua alfajiri. Kila mmoja huandikiwa idadi, analipa jioni akimaliza kuuza. Daftari la karatasi lilikuwa limelowa mafuta, kurasa zimegandana kwa unga, na mara mbili kwa mwezi ugomvi ulizuka: huyu anasema alichukua hamsini, daftari linasema sitini, au halisomeki kabisa.

Tulitengeneza programu yenye ukurasa mmoja. Unachagua jina la mchuuzi, unaandika idadi, unabonyeza. Muda unajiandika wenyewe, na mchuuzi anapata ujumbe mfupi kwenye simu yake: umechukua mikate 60. Basi. Kuiandika kulichukua siku nne. Kuifikisha mahali ambapo mama angeweza kuitegemea kulichukua wiki tatu, na hizo wiki tatu ndizo ninazotaka uzielewe.

Lugha moja, nyumba mbili

Programu hii imeandikwa kwa JavaScript. Lugha hiyo ilitungwa mwaka 1995 na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape, kwa siku kumi, ili iishi ndani ya kivinjari, yaani programu unayofungulia kurasa za intaneti kama Chrome au Firefox. Kwa miaka mingi nyumba yake kubwa ilikuwa hiyo. Mwaka 2009 Ryan Dahl akatoa Node.js, chombo kinachoiwezesha JavaScript kuendeshwa nje ya kivinjari, kwenye kompyuta yoyote, pamoja na seva.

Kwa hiyo leo unaweza kuandika lugha moja pande zote mbili. Ni nafuu kubwa kwa anayejifunza peke yake, lakini imezaa mkanganyiko ambao sikuwahi kuuona katika lugha nyingine: mtu hukosa kujua mstari anaouandika utatendeka wapi. Katika daftari letu, msimbo wa kitufe, yaani mistari ya programu inayokiongoza, hutendeka ndani ya simu ya mama. Msimbo wa kuhifadhi idadi hutendeka kwenye seva, maelfu ya kilomita mbali naye. Faili zote mbili ziko kwenye folda moja kwenye kompyuta yangu, zinafanana kama pacha. Kila unapoandika mstari, jiulize: huu utasomwa na mashine gani? Swali hilo tutalirudia.

Folda tupu

Tuanze mwanzo. Unafungua folda tupu, unaingia kwenye dirisha la amri, yaani kile kidirisha ambacho kompyuta inaagizwa kwa maneno badala ya kubonyeza picha. Unaandika node --version. Itakujibu namba, tuseme 22. Namba hiyo ndiyo kopo la kwanza. Iandike.

Watu huipuuza. Katika daftari letu, seva ilituma ujumbe mfupi kwa kutumia amri iitwayo fetch, ambayo Node ilianza kuwa nayo yenyewe kuanzia toleo la 18, la mwaka 2022. Kompyuta yangu ilikuwa na toleo jipya. Seva ya kwanza niliyopanga ilikuwa na toleo la 16, nayo ikalalamika kwamba haijui fetch ni kitu gani. Nilisoma msimbo wangu kwa saa mbili nikitafuta kosa, na kosa halikuwamo.

Kisha unaandika npm init. Hii npm ni ghala la JavaScript: watu duniani kote huweka humo vipande vya programu walivyokwisha kuandika, nawe unavichukua bure badala ya kuandika upya. Kila kipande huitwa kifurushi. (Sizungumzii vifurushi vya intaneti vya kampuni za simu, ingawa hivi navyo vitakula vile.) Amri hiyo inakuundia faili inayoitwa package.json, ambayo ndiyo orodha ya mahitaji ya mradi: jina lake, vifurushi unavyotumia, na mahali pa kuandika toleo la Node. Mtu mwingine akiipata orodha hiyo anaweza kujijengea jiko kama lako.

Lakini itazame kwa karibu. Utaona kifurushi kimeandikwa hivi: ^4.18.2. Kile kialama cha mwanzo kinasema, "leta 4.18.2 au jipya zaidi, mradi lisifike 5." Maana yake wewe uliyeanza mwezi wa kwanza na seva inayojengwa mwezi wa sita mnaweza kupata vitu viwili tofauti kutoka orodha ile ile. Ndiyo sababu mwaka 2017 npm ilianza kuandika faili ya pili, package-lock.json, inayotaja toleo halisi la kila kifurushi, na la kila kifurushi ambacho vifurushi vyako navyo vimekitegemea. Ni faili ndefu, haipendezi kuisoma, na wanaoanza huifuta wakidhani ni takataka. Usiifute. Kwenye seva tumia amri ya npm ci, inayofuata faili hiyo neno kwa neno, badala ya npm install.

Kwamba tunaegemea watu tusiowajua lilionekana wazi mwezi Machi 2016. Mwandishi wa programu aitwaye Azer Koçulu alitofautiana na npm juu ya jina la kifurushi chake kimoja, akaondoa vifurushi vyake vyote ghalani, zaidi ya 250. Kimojawapo kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno mpaka lifikie urefu unaotakiwa. Miradi mingi sana, pamoja na vyombo maarufu ambavyo wengine walijenga juu yake, ilishindwa kujengwa siku hiyo, mpaka npm ilipokirudisha baada ya saa chache. Wengi waliokwama hawakuwahi kulisikia jina la left-pad. Kilikuwa kimeingia kwao kupitia kifurushi cha kifurushi.

Somo nililochukua mimi ni dogo na la vitendo: kabla ya kuchukua kifurushi, uliza kama kazi yake huwezi kuiandika mwenyewe kwa mistari kumi. Ukiweza, iandike. Vifurushi vyenyewe hushukia kwenye folda iitwayo node_modules, ambayo kwa mradi mdogo tu inaweza kufika mamia ya megabaiti. Folda hiyo huihamishi kwenda popote. Unahamisha orodha, na seva inajiletea yenyewe.

Siri hazikai kwenye msimbo

Msimbo wenyewe unautunza kwa Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, inayokumbuka kila badiliko ulilofanya ili uweze kurudi nyuma. Nakala unaiweka kwenye mtandao, mara nyingi GitHub, na seva huichukua kutoka huko.

Hapo ndipo hatari ilipo. Daftari letu lilikuwa na ufunguo wa huduma ya ujumbe mfupi, yaani mfuatano wa herufi unaoitambulisha akaunti iliyolipiwa. Aliye nao anaweza kutuma ujumbe kwa pesa za mama. Ukiuandika ndani ya msimbo, kisha msimbo ukawa wazi kwa wote, kuna programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikitafuta funguo za namna hiyo. Zinaupata kwa dakika. Na kuufuta kesho hakusaidii, kwa sababu Git haisahau. Ulivyokuwa jana bado unasomeka. Ufunguo uliovuja unabadilishwa, haufichwi.

Njia sahihi ni kuweka siri kwenye faili ya pembeni iitwayo .env, kisha kuiambia Git isiiguse kwa kuandika jina lake kwenye faili nyingine iitwayo .gitignore. Humo humo andika node_modules. Kwenye seva, siri zile zile unaziingiza kwa mkono kupitia ukurasa wa mipangilio. Fanya hivyo kabla hujaandika ufunguo wa kwanza. Hapa sina njia ya mkato ya kukupa, kwa sababu pesa zinazopotea huwa si za kwako.

Kwa ufupi hadi hapa: toleo la Node limeandikwa, orodha ya vifurushi na faili yake ya matoleo zimetunzwa, siri zimekaa nje ya msimbo.

Jaribio la folda ngeni

Kabla ya kwenda kwenye seva, jigeuze wewe mwenyewe uwe shangazi. Ni dakika kumi, na kama utachukua jambo moja tu kutoka sura hii, chukua hili:

1. Tengeneza folda mpya mahali pengine kabisa kwenye kompyuta yako.
2. Ichukue nakala ya mradi kutoka GitHub, usinakili folda yako ya zamani.
3. Andika npm ci.
4. Ingiza siri upya kwa mkono, ukisoma maelezo uliyoyaandika mwenyewe.
5. Andika npm run build, ikiwa mradi wako unahitaji kufungashwa, yaani faili nyingi kuunganishwa na kubanwa ziwe chache na nyepesi kwa simu.
6. Iwashe, kisha ifungue kwa simu iliyounganishwa na Wi-Fi ile ile.

Hatua ya sita ndiyo iliyonifunza kuhusu neno localhost. Neno hilo maana yake ni "mashine hii hii." Kwenye ukurasa wa daftari nilikuwa nimeandika kwamba idadi itumwe kwenye anwani yenye localhost na lango 3000, lango likiwa ni namba inayoonyesha ombi linaingilia mlango upi wa kompyuta. Kwenye kompyuta yangu ilikuwa sawa, kwa kuwa kivinjari na seva vilikaa pamoja. Kwenye simu, ukurasa ulifunguka, kitufe kikabonyezwa, kimya. Simu ilikuwa inaitafuta seva ndani ya simu yenyewe.

Rudi kwenye swali letu: mstari huu utasomwa na mashine gani? Ukiandika anwani fupi tu, /api/mikate, bila kutaja mashine, kivinjari kitairudisha pale pale ukurasa ulipotoka, popote pawe. Lango nalo usiling'ang'anize kuwa 3000. Huduma nyingi zinazopangisha seva hukupa namba zenyewe kupitia mipangilio, nawe unatakiwa kuisoma, katika Node inaitwa process.env.PORT.

Hewani

Kupandisha kwenyewe siku hizi ni kwepesi kuliko matayarisho. Unaunganisha GitHub na huduma ya kupangisha seva, unaitajia amri ya kujenga na amri ya kuwasha, unaingiza siri, unasubiri dakika mbili tatu. Cheti cha usalama kinacholeta alama ya kufuli kwenye kivinjari kiliwahi kuwa cha kununua. Tangu mwisho wa 2015 shirika la Let's Encrypt linavitoa bure, na huduma nyingi hukuwekea zenyewe. Jina la kikoa, mfano linaloishia .co.tz au .co.ke, unalikodi kwa mwaka na kulielekeza kwenye seva yako.

Kilichonichelewesha ni mambo mawili ambayo folda ngeni haikuyaonyesha, kwa sababu yanatokana na tabia ya seva yenyewe.

La kwanza ni herufi. Faili yangu iliitwa Risiti.js, na mahali pengine nilikuwa nimeiita risiti.js. Windows huyaona majina hayo kuwa moja. Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, huyaona kuwa faili mbili tofauti, na ile ya pili haipo. Tangu hapo majina yote ya faili zangu ni herufi ndogo, bila kubagua.

La pili liliniumiza zaidi. Nilihifadhi idadi ya mikate kwenye faili moja ndani ya folda ya programu. Siku tano mama aliitumia bila tatizo. Siku ya sita nikarekebisha rangi ya kitufe, nikapandisha upya, na kumbukumbu zote za siku tano zikatoweka. Huduma nyingi za kupangisha seva, kila unapopandisha upya, huvunja nyumba yote na kujenga nyingine kutoka kwenye msimbo. Kilichoandikwa ndani baadaye hakimo kwenye msimbo. Data inatakiwa kukaa kwenye hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu linaloendeshwa peke yake, mbali na programu, na lenye nakala ya akiba. Mama alikuwa bado anaandika kwenye karatasi pembeni. Tulikaa jioni nzima tukairudisha mistari mia na kitu, mmoja mmoja, yeye akisoma mimi nikiandika.

Saa ya nani?

Wiki ya pili simu ilipigwa asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hili daftari lako, hesabu ya jana imezidi na ya leo imepungua. Mikate ya Jumanne ipo Jumatatu."

Nilifungua kompyuta. Nikaandika mchuuzi wa majaribio, mikate kumi. Tarehe ikatoka sahihi. Nikajaribu tena mchana, tena jioni. Sahihi.

Kosa lilijitokeza kati ya saa sita na saa tisa usiku peke yake, na mimi saa hizo nilikuwa nimelala. Ukiiuliza JavaScript leo ni tarehe ngapi kwa amri ya getDate, hujibu kwa saa ya mashine inayoiendesha. Kompyuta yangu ilikuwa na saa ya Afrika Mashariki. Seva nyingi hufuata saa ya kimataifa, UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu mwaka mzima. Mchuuzi aliyechukua mikate saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, kwa seva ilikuwa bado saa tano usiku wa Jumatatu. Wa saa kumi alfajiri aliandikwa Jumanne kama inavyostahili. Usiku mmoja wa kazi ulikuwa umekatwa vipande viwili.

Dawa ni kuhifadhi muda wenyewe kwa UTC, kisha unapotaka tarehe, unaitajia programu eneo la saa kwa jina: Africa/Dar_es_Salaam. Hapo haijalishi seva iko Ulaya au wapi. Nikarekebisha, nikapandisha, nikampigia mama kumwambia yamekwisha.

Kesho yake akapiga tena. Za saa nane zimekaa sawa, akasema, lakini za saa tano usiku bado ziko Jumatatu.

Nikamweleza kwamba saa tano usiku ni Jumatatu kweli, siku inageuka saa sita. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, usiku wa kuamkia Jumanne si ndio usiku wa Jumanne? Mikate tunayooka baada ya isha ni ya nani?"

Alikuwa sahihi, na lugha yetu yenyewe ilikuwa upande wake. Kwake siku inaanza jua likizama. Unga unaokandwa magharibi ni wa kesho, pesa yake itapokelewa kesho jioni, na hakuna mtu yeyote katika bekari ile, kuanzia mchoma tanuri hadi mchuuzi wa mwisho, aliyewahi kuhesabu vinginevyo. Mimi nilikuwa nimeleta saa sita ya usiku kutoka kwenye kompyuta bila kumuuliza. Hilo nalo lilikuwa kopo lisiloandikwa, ila safari hii lilikuwa jikoni kwake, na mgeni nilikuwa mimi.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja: kila muda unaongezwa saa sita kabla ya kutolewa tarehe, ili saa kumi na mbili jioni iwe ndiyo mwanzo wa siku. Juu ya mstari huo niliandika kwa Kiswahili, kwa ajili ya atakayekuja kuusoma baada yangu: siku ya bekari huanza magharibi.

Usiku wa kuamkia Jumanne iliyofuata sikulala mapema. Saa tano na dakika ishirini ukurasa ulijisogeza: mchuuzi wa kwanza, mikate 60, Jumanne. Saa nane na robo wa pili, mikate 45, Jumanne. Saa kumi na dakika tano wakafuatana watatu wa jirani, wote Jumanne, na saa moja asubuhi mama akatuma picha ya daftari la karatasi, jumla ya mistari yote chini yake, namba ile ile iliyokuwa kwenye skrini.